Nyumba ya Kufanyia Kazi Ugenini: Jinsi ya Kuichagua Kabla Hujalipa

Mtalii hulala ndani na kushinda nje. Anayefanya kazi mtandaoni hushinda ndani, tena amekaa sehemu moja saa nane au zaidi, akizungumza na watu wasiojali kama nje ya dirisha lake kuna bahari au jalala. Ndiyo maana matangazo mengi ya nyumba za kupangisha humpotosha: yameandikwa kwa ajili ya mtalii. Picha ya kwanza ni bwawa, ya pili kitanda, ya tatu machweo. Meza, kama ipo, inaonekana nusu tu pembeni mwa picha ya sita.

Mwongozo huu unaanzia kwenye siku yako ya kazi, halafu ndiyo unaitafuta nyumba inayoiweza. Hatua mbili za mwanzo hazihitaji hata kufungua tovuti ya nyumba. Usiziruke, maana ndizo zinazokuonesha cha kuuliza baadaye.

Hatua ya 1: Iandike siku yako ya kazi kwa saa za huko uendako

Tuseme mwajiri wako yuko New York na anakutaka kazini saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa za kwao, majira ya kiangazi. Ukiwa Lisbon, hiyo ni saa nane mchana hadi saa nne usiku. Asubuhi nzima ni yako, na unalala usiku kama watu wengine. Ukiwa Bangkok, kazi ile ile inaanza saa mbili usiku na kuisha saa kumi alfajiri. Novemba Marekani inaporudisha saa nyuma, Thailand haibadilishi chochote, hivyo utaanza saa tatu usiku na kumaliza saa kumi na moja alfajiri.

Hao ni wapangaji wawili wanaohitaji nyumba mbili tofauti kabisa. Wa Lisbon anatafuta utulivu wa mchana na jioni. Baa iliyo chini ya nyumba inayochangamka kuanzia saa tano usiku itamkera kitandani, lakini haitaingia kwenye mikutano yake. Wa Bangkok anahitaji chumba kinachoweza kutiwa giza saa sita mchana, kiyoyozi kinachostahimili kufanya kazi wakati jua ni kali kuliko yote, na kuta zitakazozuia sauti yake isiamshe majirani usiku wa manane. Chumba kimoja chenye kila kitu ndani kinaweza kumtosha wa kwanza. Wa pili, hasa akiwa na mwenzi, anahitaji mlango kati ya meza na kitanda. Bila mlango huo, mmoja wao hatalala.

Andika pia siku ngapi kwa wiki una mikutano ya video, kama unatuma mafaili makubwa, na kama unazungumza mambo ya siri ya wateja. Karatasi hiyo moja itakuokolea saa nyingi za kutazama nyumba zisizokufaa.

Hatua ya 2: Jua utaruhusiwa siku ngapi, na nyumba itakupa karatasi gani

Usilipie miezi minne mahali ambapo sheria inakupa mitatu. Katika eneo la Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa nchi zote za eneo hilo kwa pamoja. Kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine hakuanzishi hesabu upya. Kwa anayetaka kukaa zaidi, nchi kadhaa zimeanzisha viza za watu wanaofanya kazi kwa mbali: Estonia ilianza Agosti 2020, Ureno Oktoba 2022. Soma masharti ya makazi ya viza unayoiomba kabla ya kutafuta nyumba. Pale yanapodai uthibitisho wa mahali utakapoishi, uhifadhi wa wiki moja unaweza kukataliwa.

Kuna karatasi nyingine ambazo hakuna tangazo linalozitaja. Nchini Ujerumani, anayehamia anatakiwa kujiandikisha anwani yake ndani ya siku 14, na kwa hilo anahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi wa muda mfupi hawataki kuisaini. Nchini Thailand, mwenye nyumba anapaswa kuripoti mgeni wake kwa idara ya uhamiaji ndani ya saa 24, kupitia fomu inayoitwa TM30, na huenda ukaulizwa uthibitisho wake siku unapokwenda kuongeza muda wa kukaa. Kwa hiyo uliza mapema, kwa maandishi: je, utanisajili, na utanipa nakala?

Angalia pia kama nyumba yenyewe ni halali. Tangu Septemba 2023, New York inadai usajili kwa nyumba inayopangishwa chini ya siku 30, na mwenyeji awe anaishi humo. Japani iliweka ukomo wa siku 180 kwa mwaka kwa nyumba za watu binafsi zinazopokea wageni, kwa sheria iliyoanza kutumika Juni 2018. Paris, Barcelona na Lisbon zina namba za usajili ambazo tangazo linapaswa kuzionesha. Tangazo lisilo na namba kwenye mji unaoidai linaweza kuondolewa wakati tayari uko njiani, na ukajikuta na mizigo mkononi bila pa kwenda.

Ukikaribia nusu mwaka, muone mtaalamu wa kodi kabla ya kusaini mkataba mrefu, kwa kuwa nchi nyingi hutumia siku 183 kama mpaka wa kukuhesabu mkazi anayelipa kodi.

Hatua ya 3: Chagua mtaa na msimu kwanza

Nyumba unaweza kuihama kwa siku moja. Mtaa mbaya utakufuata kila utokapo mlangoni. Mambo matatu tu nayasisitiza hapa.

La kwanza, pawepo mahali pa akiba pa kufanyia kazi, umbali wa kutembea kwa miguu: ofisi ya pamoja, maktaba, hata hoteli yenye ukumbi mtulivu. Siku intaneti ya nyumbani ikikata, dakika kumi za kutembea utazimudu kabla ya mkutano. Safari ya dakika 40 kwa basi hutaimudu.

La pili, msimu. Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, hupendwa sana na wafanyakazi wa mtandaoni, lakini takribani Februari hadi Aprili moshi wa kuchoma mashamba na misitu hufunika mji. Anayefika wakati huo anahitaji madirisha yanayofunga sawasawa na mashine ya kusafisha hewa kuliko anavyohitaji roshani. Nchini Ureno nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto, na Januari mtu anayekaa kimya mbele ya kompyuta hupata baridi kuliko yule anayetembea nje. Tangazo lililopigwa picha mwezi Julai halitakwambia hayo.

La tatu, utazame mtaa kwa Google Maps ukiwa bado kwenu, ukisoma na tarehe ya picha za mtaani. Kiwanja kitupu kando ya nyumba kwenye picha ya miaka mitatu iliyopita kinaweza kuwa ghorofa linalojengwa leo, na mashine za ujenzi hazijui ratiba yako ya mikutano.

Hatua ya 4: Ichunguze intaneti hadi uridhike

Hapa ndipo pesa za wengi hupotelea, na ndipo matangazo yanaposema machache zaidi. "Wi-Fi ya kasi" haina maana yoyote mpaka uone namba. Omba namba tatu.

Kasi ya kupakua ndiyo kila mtu huitaja. Kasi ya kupakia ndiyo inayobeba sura na sauti yako kwenda kwa wengine, na aghalabu ni ndogo zaidi. Mahitaji ya mkutano wa video si makubwa: Zoom hukadiria takribani Mbps (megabiti kwa sekunde) 4 za kupakia na 3 za kupakua kwa picha ya kiwango cha 1080p. Tatizo huja pale laini hiyo inapogawanywa na majirani au na vyumba vinne vya nyumba moja. Kwa mtu mmoja mwenye mikutano ya kila siku, mimi sishuki chini ya Mbps 10 za kupakia. Ukiwa mhariri wa video, piga hesabu yako: faili la gigabaiti 10 kwa Mbps 10 huchukua zaidi ya saa mbili kupanda, kwa Mbps 100 ni kama dakika 13.

Namba ya tatu ni ucheleweshaji, ambao vipimo huuonesha kwa milisekunde kwa jina la ping. Huu ndio unaowafanya mkatishane maneno hata kama picha ni safi. Sehemu yake haina dawa: mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kumfikia mtu aliye umbali wa kilomita 10,000 na kurudi hula milisekunde 100 hata kama kila kitu ni kamilifu. Kinachobaki ni ubora wa laini na wa Wi-Fi ndani ya nyumba, na hicho ndicho unachokichagua. Kipimo cha seva ya karibu kikionesha milisekunde 15 leo na 200 kesho saa ile ile, iache nyumba hiyo hata kama kasi yake inavutia.

Sasa namna ya kuomba kipimo. Mwambie mwenye nyumba apime kwa Speedtest au fast.com akiwa amekaa pale penye meza utakayoitumia, kwenye saa zako za kazi, na akutumie picha ya skrini inayoonesha tarehe. "Pale penye meza" si maneno ya kujaza nafasi. Wi-Fi hutumia masafa mawili: ya 5 GHz ni ya kasi lakini hupoteza nguvu upesi kwenye kuta; ya 2.4 GHz hupenya zaidi ila ni ya polepole na husongamana kwenye majengo yenye wapangaji wengi. Ruta ikiwa sebuleni na meza iko chumbani nyuma ya ukuta wa mawe, kipimo cha sebuleni ni cha mtu mwingine.

Uliza pia kama ruta iko ndani ya nyumba yako au kwa jirani. Ikiwa kwako, unaweza kuizima na kuiwasha inapogoma, na unaweza kuchomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta. Waya wa mita tano na adapta yake ndogo havijazi begi, na vinamaliza kero nyingi za Wi-Fi. Iwapo mtandao wa jengo zima unasimamiwa na mtu anayefunga ofisi saa kumi na moja jioni, jiulize utampigia nani saa tatu usiku.

Mwisho, usitegemee laini moja. Kagua ni kampuni gani ya simu inashika vizuri mtaa huo, uwe na laini yake ya simu au eSIM (laini isiyo na kadi, inayowekwa ndani ya simu kwa mtandao), na ujaribu kuendesha mkutano kwa intaneti ya simu kabla hujahitaji kufanya hivyo.

Hatua ya 5: Meza, kiti, mwanga, kelele

Omba urefu wa meza kutoka sakafuni kwenda juu, kwa sentimita. Meza ya kawaida ya kazi ina sentimita 72 hadi 75 hivi. Kile kinachoitwa "sehemu ya kufanyia kazi" kwenye matangazo mengi ni kaunta ya jikoni yenye sentimita 90 au zaidi, na kiti kirefu kisicho na mgongo. Saa mbili hapo ni sawa. Wiki sita hapo ni maumivu ya shingo utakayohama nayo. Uliza pia kiti: kina mgongo? Miguu inafika sakafuni? Kama meza ni nzuri na kiti ni kibovu, mwenye nyumba anayetaka mpangaji wa miezi miwili mara nyingi atakubali kununua kiti. Muombe kabla hujalipa, maana baada ya hapo hana haraka.

Dirisha liwe mbele yako au ubavuni. Likiwa mgongoni, wenzako kwenye mkutano wataona kivuli.

Kuhusu kelele, soma maoni ya waliotangulia kwa kutafuta maneno, si kwa kutazama nyota. Mtalii anaweza kutoa nyota tano na kuandika katikati ya sifa zake kwamba "mchana kulikuwa na ujenzi kidogo, lakini hatukuwepo." Sentensi hiyo ni onyo kwako, kwa sababu wewe utakuwepo. Tafuta maoni ya waliokaa mwezi au zaidi. Maoni mawili ya watu hao nayathamini kuliko hamsini ya wageni wa wikiendi. Na usiache maoni yaliyoandikwa kwa lugha ya mahali hapo. Yatafsiri, kwani mara nyingi wenyeji wa nchi husema wazi kile ambacho mgeni hakukigundua.

Hatua ya 6: Umeme

Sehemu kubwa ya dunia hutumia volti 220 hadi 240. Marekani 120, Japani 100. Chaja za kompyuta na simu karibu zote zimeandikwa 100–240V, hivyo zinahitaji adapta ya plagi tu. Vifaa vya kutoa joto kama pasi na mashine ya kukaushia nywele mara nyingi si hivyo; viache nyumbani. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, uliza jenereta ya jengo inawasha nini: taa za ngazi tu, au na soketi za ndani? Kompyuta ina betri, lakini ruta haina. Betri ndogo ya kuiendesha ruta kwa saa chache huokoa jioni nzima ya kazi.

Hatua ya 7: Mwandikie mwenye nyumba

Ujumbe mmoja, maswali ya moja kwa moja, kwa adabu. Mfano wa kuutafsiri kwa lugha yake:

"Habari za leo. Nimevutiwa na nyumba yako kuanzia tarehe 3 Machi, kwa wiki mbili za mwanzo, na nikiridhika nitaendelea miezi miwili. Nafanya kazi kwa kompyuta na nina mikutano ya video jioni hadi saa nne usiku. Naomba unisaidie mambo haya: picha ya kipimo cha intaneti ukiwa kwenye meza, ikiwezekana jioni, picha ya meza na kiti, na urefu wa meza kutoka sakafuni, kama kuna ujenzi karibu kwa sasa, na kama utaweza kunipa mkataba na karatasi za kusajili anwani. Ahsante sana kwa muda wako."

Namna anavyojibu inaeleza karibu kila kitu. Anayetuma picha siku hiyo hiyo atakuja pia bomba likipasuka. Anayejibu "intaneti ni nzuri sana, usijali" baada ya swali lenye namba hajajibu. Mshukuru, endelea na nyingine.

Hatua ya 8: Piga hesabu kamili, na lipa kwa njia inayokulinda

Nyumba ya bei ndogo isiyo na meza inakulazimisha kulipia ofisi ya pamoja kila mwezi. Jumlisha kabla hujaiita rahisi. Jumlisha pia umeme (kiyoyozi cha mchana kutwa si mzaha), usafi, ada ya tovuti na amana. Kwenye Airbnb, tovuti ya kupangisha nyumba za wageni, kukaa siku 28 au zaidi huhesabiwa kama ukaazi wa muda mrefu: wenyeji wengi hutoa punguzo la mwezi, lakini masharti ya kughairi nayo ni makali zaidi. Kwa hiyo pendekezo langu ni lile lililo kwenye ujumbe hapo juu: wiki moja au mbili kwanza, kisha miezi. Utalipa zaidi kidogo kwa kila usiku wa mwanzo, na hizo ni pesa zilizotumika vizuri. Nyumba njema si mlango.

Jihadhari na matapeli, kwa kuwa wanajua uko mbali na una haraka. Mwenye nyumba anayesema yuko nchi nyingine na atakutumia funguo kwa posta, bei iliyo chini mno kuliko za mtaa huo, shinikizo la kulipa leo, na ombi la kuhamisha fedha nje ya tovuti: moja kati ya hayo linatosha kukufanya usimame. Zitafute picha za tangazo kwa Google Lens uone kama zimetokea kwingine kwa jina lingine. Omba simu ya video ambapo anatembea kutoka mlango wa barabarani hadi kwenye meza bila kukatisha. Tapeli hana funguo, hivyo hawezi. Na usitume nakala ya pasipoti kwa mtu ambaye hujathibitisha kuwa nyumba ni yake.

Hatua ya 9: Siku ya kufika

Kabla ya kufungua begi, zungusha simu yako ukirekodi kila chumba: mikwaruzo, madoa, mita ya umeme na ya maji. Jitumie video hiyo kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Kisha pima intaneti kwenye meza, piga simu ya video ya nusu saa na rafiki, na uirudie kwenye saa zako halisi za kazi. Angalia kama mlango unafunga kwa ndani na kama simu ya mkononi inashika. Kama maji au nyumba hupashwa joto kwa gesi, hakikisha pana kifaa cha kutambua hewa ya kaboni monoksidi, kwani haina harufu wala rangi na huua watu waliolala. Kamera ndani ya nyumba hazikubaliki. Airbnb ilizipiga marufuku duniani kote kuanzia 30 Aprili 2024.

Kasoro ikionekana, iandike siku hiyo hiyo ndani ya tovuti uliyolipia, ukiambatanisha picha. Airbnb hutoa saa 72 tangu ugundue tatizo. Mpe mwenye nyumba nafasi ya kurekebisha, mtajie tarehe, na usianze kutafuta kwingine kimyakimya huku siku zinahesabika.

Wiki ya pili ikiwa inaisha na mikutano inakwenda vizuri, ndipo ujadili miezi iliyobaki. Mapatano yawe kwa maandishi: pango na tarehe ya kulilipa, nani analipa umeme, notisi ya kuondoka ni siku ngapi, amana ni kiasi gani na itarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kukabidhi funguo. Ambatanisha ile video ya siku ya kwanza kama sehemu ya mapatano, na wote wawili msaini.